Unga Uliokanyagwa Barazani

Nianze na yale yaliyosemwa sana, yasije yakanisumbua katikati ya habari. Ndiyo, hotelini kwetu watu walikula samaki asiyepikwa. Ndiyo, wali wetu ulikuwa wa baridi na ulitiwa siki. Ndiyo, unga wa tambi niliukanyaga mimi, kwa miguu yangu hii hii. Anayetaka kukunja uso na akunje. Nimekula chumvi ya kutosha sasa, na katika mambo ninayoweza kuyaombea radhi duniani, chakula cha mama yangu hakimo.

Hoteli yenyewe ilikuwa Temeke, miaka ile ya baada ya vita, Mwingereza akingali anatawala na haonyeshi dalili yoyote ya kufunga virago. Ilikuwa nyumba ya udongo yenye baraza ndefu mbele, chumba kimoja cha meza, chumba tulicholala mimi na mama, na ua wa makuti kwa nyuma palipokuwa na jiko. Hatukuwa na kibao mlangoni. Watu walipaita "kwa Mjapani," ingawa Mjapani hakuwapo. Aliyekuwapo ni mwanamke wa Unguja, mnene, mwenye ulimi mkali, ambaye ukimwambia chakula chake hakina nazi alikujibu kwamba nazi ziko sokoni, nenda ukanunue ukatafune.

Mama alijifunza upishi ule Unguja alipokuwa msichana. Siku hizo palikuwa na bibi mmoja wa Kijapani aliyefungua nyumba ya chakula mjini, akilisha mabaharia wa kwao meli zilipotia nanga. Mama aliingia pale kuosha mabakuli. Akaona, akaiga, akapigwa mwiko wa vidole alipokosea, akaiga tena, hata ikafika siku bibi yule alilala na homa na mabaharia wakala wasijue kwamba aliyepika si yeye. Vita vilipokaribia, bibi alipanda meli akarudi kwao. Mama, ambaye mumewe alikuwa amekwisha kufa, akanichukua tukavuka kuja Dar es Salaam kwa ndugu zake. Aliuza vitumbua kwa miaka kadhaa, kisha siku moja akasema amechoka kupika kinachopikwa na kila mtu.

Sasa nieleze chakula, maana wengi walikisema bila kukionja. Mchuzi wa tambi ulitokana na dagaa wakavu, wale waliokuja kwa treni kutoka Kigoma, wakachemshwa polepole pamoja na kipande cha mwani, kisha wakachujwa. Ukabaki mchuzi mwepesi wa rangi ya chai, ambao mtu akiuona alidhani ni maji ya kuoshea chungu. Akiuonja alinyamaza. Samaki alikuwa jodari wa asubuhi ile ile, akakatwa vipande vyembamba na kulazwa kwenye chumvi na siki mpaka akabadilika rangi. Bibi wa Unguja alikuwa na mzizi mkali wa kwao wa kulia samaki. Mama alikuna mzizi wa mlonge badala yake, ukapanda puani vilevile na kutoa machozi vilevile. Mchuzi mweusi wa soya aliununua kwa mabaharia ulipopatikana, na usipopatikana aliunguza sukari guru akatia chumvi. Kuna bwana mmoja aliyetuambia kwamba kama ni hivyo, basi hiki si Kijapani halisi. Mama akamuuliza yeye amekula wapi hicho halisi. Hakuwa amekula popote.

Na tambi. Unga wa ngano unakandwa kwa maji ya chumvi mpaka unakuwa mgumu, mkono unakataa. Hapo unafungwa ndani ya kitambaa safi cha marekani, unalazwa juu ya mkeka, unafunikwa kwa mkeka mwingine, na mtu aliyesugua miguu yake kwa sabuni anapanda juu yake na kukanyaga kwa visigino, akizunguka taratibu. Unakunjwa, unakanyagwa tena. Ndivyo bibi yule alivyofanya, na ndivyo walivyofanya kwao. Tambi ya mkono inakatika hovyo mdomoni. Tambi ya mguu ina ubishi, inavutika, unaitafuna na inakujibu. Kazi hiyo ilikuwa yangu tangu nilipopata uzito wa kuifanya, na niliipenda. Nilikanyaga unga huku nikiwaza watu walioniudhi, na tambi zikawa nzuri sana.

Wateja wengi walikuwa makuli wa bandarini na makarani wa kutoka bara. Wa kudumu kuliko wote alikuwa mchonga vinyago mmoja wa kutoka kusini, aliyekuwa askari huko Burma. Siku ya kwanza alifika na hasira zake, akasimama mlangoni akaziba mwanga.

"Mie nimepigana na Wajapani porini, wenzangu wamebaki huko. Leo mnatuuzia chakula chao hapa Temeke?"

"Ulipigana na tambi?" mama akamuuliza.

"Nilipigana na watu."

"Basi watu hao hawamo humu. Kaa ule, baba, au unipishe mlango, moshi unanirudia."

Alikaa. Alikula akiwa amenuna, akamaliza akiwa bado amenuna, na wiki iliyofuata akatuletea vijiti vya kulia alivyovichonga mwenyewe kwa mpingo. Alisema huko Burma aliviona kila mahali, vimetapakaa pamoja na vitu vya waliokufa, na hakuna mtu aliyewahi kumweleza vinashikwaje. Mama alimwonyesha. Tangu siku hiyo hakukosa.

Mwingine ambaye hakukosa alikuwa karani mmoja wa bandarini, kijana mwembamba, kanzu yake ya Ijumaa nyeupe ya kuumiza macho. Alikula mchana, jioni akarudi kusema amesahau mwavuli wake. Hakuwa na mwavuli. Nilimpenda, wala sioni haya kulisema hilo sasa. Nilipenda alivyocheka kwa aibu, nilipenda alivyonisalimia kana kwamba mimi ni mtu mzima mwenye akili zangu. Akamwambia mama kwamba anataka kunioa. Alikuwa yatima, amelelewa Kinondoni na shangazi yake, na jambo kama hilo lisingeenda popote bila shangazi huyo. Kabla ya kutuma washenga, shangazi alitaka kwanza kuja kuiona nyumba anakotoka msichana.

Mama alitaka kuwapa wageni kitu cha heshima. Mwanamke mwingine yeyote wa pwani angechinja kuku, angepika pilau, na mambo yangekwisha. Lakini mama alikuwa amefundishwa na bibi yule kwamba wali wa siki ni chakula cha furaha, chakula cha siku kubwa, haupikwi ovyoovyo. Kwa hiyo asubuhi aliupika, akaumwaga kwenye chano cha mbao, akaunyunyizia siki yenye sukari na chumvi, nami nikasimama na kipepeo cha ukindu nikapepea mpaka ukapoa na kung'aa. Akaufinyanga vitonge vidogo, na juu ya kila kitonge akalaza kipande cha jodari. Vilipendeza kweli. Si yeye wala mimi aliyekumbuka kwamba kwa watu wetu wali wa baridi una jina lake, unaitwa kiporo, na kwamba wali wenye uchachu hupewa kuku.

Shangazi alikuja na wanawake wawili wa ukoo wao, wakakaribishwa chumbani, mkekani. Kwa adabu ya wakati ule, msichana anayechumbiwa hakai akisikiliza habari zake mwenyewe. Basi mimi nilikuwa uani nikiendelea na kazi, maana wateja wa mchana walikuwa karibu kuja, uchumba au hapana. Ukuta ulikuwa mwembamba, hata hivyo, na nilisikiliza kila kitu. Nilisikia wakisalimiana na kuulizana hali za watu na za mashamba. Nilisikia mama akiwakaribisha chakula kwa sauti ya mtu mwenye furaha. Kisha nikasikia sahani ikisukumwa.

"Dada," sauti ya shangazi ikasema, "wali huu umechacha."

"Haujachacha, dada yangu. Ndivyo unavyokuwa. Umetiwa siki."

"Umetiwa siki tusijue kama umechacha. Tena wa baridi. Sie tumetoka Kinondoni kuja kulishwa kiporo? Na huyu samaki juu yake, kapikwa lini?"

Mama yangu hakuwa na kipaji cha uongo. "Hajapikwa," akasema.

Nilisikia mtu akiinuka kwa haraka. Shangazi akatokea uani, upindo wa kanga mdomoni, akitafuta mahali pa kutema. Akatema. Akainua uso, akaniona mimi, mke mtarajiwa wa mwanawe, kanga nimeifunga magotini, niko juu ya mkeka nakanyaga.

"Shikamoo, shangazi," nikasema. Miguu yangu, kwa mazoea, haikusimama.

Hakuitikia. "Unafanya nini hapo?"

"Nakanda unga."

"Unga gani?"

Nikafunua mkeka nikamwonyesha. Nilidhani akiona kitambaa kilivyo safi ataridhika. Alitazama kitambaa, akatazama miguu yangu, akatazama tena kitambaa. Kisha akawaita wenzake kwa sauti ambayo nadhani hata jela ya Ukonga waliisikia, wakaondoka bila kunawa mikono.

Jua halijatua, habari ilikuwa imekwisha fika Kariakoo, na kila ilipopita ilitiwa chumvi. Tukaitwa "hoteli ya miguu." Watu wakasema tunachanganya unga na jasho, kwamba tunawapa wageni makombo ya juzi, kwamba samaki wetu bado wanapumua sahanini. Makuli waliokula kwetu bila wasiwasi wowote sasa walipita upande wa pili wa barabara wakijifanya kutazama mawingu. Makarani wakakumbuka ghafla kwamba wana wake wa kuwapikia nyumbani. Mchonga vinyago peke yake aliendelea kuja, akala katikati ya chumba kitupu, na mtu akichungulia dirishani alimtupia macho makali mpaka akaondoka.

Karani wangu alikuja baada ya siku kadhaa. Alikaa mezani mbele ya mama, nami nikasimama nyuma ya pazia la mlango, ambako kila mtu alijua kwamba nimesimama. Alisema shangazi yake alikuwa amelikataa jambo lote, lakini amemwomba na kumsihi, na mwishowe amekubali kwa sharti. Mama aache upishi ule. Apike pilau na mchuzi wa nazi kama watu, tena watu wajue kwamba ameacha. Na mimi nisiguse tena unga wa mtu yeyote asiye mume wangu.

"Na wewe unasemaje?" nikamuuliza kutoka nyuma ya pazia.

Alijibu akiitazama meza. "Mie nasema tukubali, yaishe. Chakula ni chakula tu."

Maneno hayo yalinichoma kuliko ya shangazi. Shangazi hakuwa amekula kwetu mwaka mzima, yeye alikuwa amekula.

Lakini kilichonitia wazimu hasa ni jibu la mama. Mama alikubali. Mwanamke yule, aliyekuwa hajawahi kumkubalia mtu bei ya fungu la mchicha, alisema, "Hewala, mwanangu, mwambie shangazi nimesikia." Kijana alipoondoka, mama akashusha mtungi wa siki kutoka rafuni, akafunga kisu chake cha samaki ndani ya kitambaa, akaanza kuchambua mchele wa pilau. Nikamwendea nikasimama mbele yake.

"Unafanya nini, mama?"

"Nachambua mchele. Mie nimeshaishi, mwanangu. Wewe uolewe. Pilau najua kupika."

"Unajua, lakini hutaki."

"Nani kaniuliza ninachotaka?"

"Mie nakuuliza."

Mikono yake ikasimama juu ya ungo. Nadhani ni kweli kwamba tangu alipoingia jikoni kwa bibi yule hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza hilo, wala baba yangu, Mungu amrehemu. Akageuka kutazama jiko, akanipa mgongo. Sikuwahi kumwona mama analia, na siku ile pia sikumwona. Lakini nilijua. Nilipata hasira ambayo sijaipata tena, hasira ya miguu na mikono, na nikapiga moyo konde palepale kwamba kama tutaaibishwa, basi tutaaibishwa kwa kitu tunachokifanya hadharani, siyo kwa kitu kinachochunguliwa uani.

Ijumaa iliyofuata nilikanda unga asubuhi bila kumwambia. Nilingoja watu watoke msikitini, barabara ijae kanzu. Kisha nikatandika mikeka barazani mbele ya nyumba, nikaleta beseni la maji na kipande cha sabuni, nikakaa kwenye ngazi nikasugua miguu yangu, kidole kimoja kimoja, mbele ya wote. Wa kwanza kusimama alikuwa muuza kahawa. Nikaukunja unga ndani ya marekani nyeupe pepe, nikaufunika, nikapanda juu, nikaanza.

Walijaa. Wengine walicheka, wengine walisema astaghfirullahi, mzee mmoja akauliza binti wa nani huyu asiye na haya. Mimi sikuacha kukanyaga, na mdomo wangu ulikuwa mzima.

"Nyie mnaocheka," nikasema, "tende mnazofuturia Ramadhani, mnadhani zimeshindiliwa kwenye vikanda vya ukili kwa kijiko? Zimekanyagwa! Tena na miguu ya mtu msiyemjua, hamkumwona akiiosha. Mpunga wenu huko mashambani unapurwa kwa nini, kwa masikio? Nyumba mnazolala, udongo wake ulipondwa na nini? Miguu yangu mmeiona nikiiosha. Haya, aliyeona uchafu na aseme sasa hivi, nipo, simkimbii mtu."

Mtu mmoja nyuma alicheka, lakini safari hii hakunicheka mimi, alimcheka jirani yake aliyekuwa ametoka kununua tende. Mchonga vinyago akajipenyeza mpaka mbele, akasimama wima kama yuko gwarideni, akaanza kuniamrisha kwa sauti ya jeshi: "Kushoto! Kulia! Kushoto! Kulia! Nyuma, geuka!" Nami nikageuka. Watu wakaangua kicheko, na wengine wakaanza kupiga makofi.

Hapo ndipo mama alipotokea mlangoni. Aliona mikeka, aliona umati, aliniona mimi. Kicheko kikakatika. Nilidhani atanishika sikio aniburute ndani. Aliingia ndani, na aliporudi miguu yake ilikuwa inadondosha maji. Akapanda mkekani pembeni yangu, akashika bega langu apate kusimama vizuri.

"Visigino, mwanangu," akasema. "Leo unakanyagia vidole. Unaharibu unga."

Tukakanyaga pamoja. Nilipoinua macho niliiona ile kanzu nyeupe katikati ya watu. Alikuwa amesimama mbali kidogo, mwenzake wa kazini pembeni yake akimwambia kitu sikioni. Nilimtazama. Aliinamisha kichwa kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha, kisha akaondoka na mwenzake.

Siku ile walikula watu wengi, nusu yao kwa ubishi na nusu kwa njaa, na kuanzia wiki ile wateja wakarudi, ingawa si wote. Mama alikifungua kisu chake. Kila asubuhi tukakanyaga unga barazani, na watoto wa mtaa wakazoea, wakaacha kutazama. Mimi nilizoea kila kitu isipokuwa kungoja. Nilingoja mwavuli usahaulike tena.

Alikuja mchana mmoja, kupitia uani. Mama alikuwa mbele na wateja, mimi nilikuwa nachemsha tambi. Uso wake ulikuwa umechanua.

"Shangazi kalegea," akasema kwa sauti ya chini. "Nimemsumbua mpaka kachoka. Anasema mama aendelee na hoteli yake, ila isisemwe. Sie kwetu tukiulizwa tutasema mama mkwe anauza pilau. Na wewe utakuwa ukija kumsaidia kimyakimya. Nani atajua?"

Alikuwa amefurahi kama mtu aliyeleta zawadi, na kweli alikuwa amenipigania kwa kadiri ya nguvu zake. Sitamnyima hilo. Moyo wangu uliruka. Nilikuwa tayari kabisa kusema ndiyo, neno lilikuwa limefika kwenye ulimi. Ndipo akavuta harufu ya mchuzi, akatabasamu.

"Nitilie bakuli basi, nina njaa. Nitakula hapa hapa uani. Huko mbele kuna watu wananijua."

Nikamtilia. Nikaweka samaki, nikaweka majani ya kitunguu, nikalijaza. Kisha nikalishika, sikumpa.

"Wateja wetu wanaingilia mbele," nikamwambia.

"Unanifukuza?"

"Nakukaribisha. Zunguka, panda barazani, kaa mezani, ule. Ukifanya hivyo mie naolewa na wewe hata kesho, shangazi yako aseme atakalo."

Alicheka, akidhani natania. Aliponiona sicheki, akalitazama bakuli, akautazama mlango wa ua, kisha akainama kuitazama mikono yake.

"Unajua siwezi," akasema.

"Najua."

Akatoka alikoingilia. Nilipita ndani ya nyumba mpaka chumba cha mbele, bakuli mkononi, na nikasimama pale nikitega sikio, kwa sababu nilikuwa na umri mdogo na nilimpenda, na kuzunguka nyumba ile hakukuhitaji muda mrefu. Hakuna aliyepanda barazani. Zama zile mwanamke hakuketi mbele hotelini akala pamoja na wanaume. Hata mama, mwenye hoteli, alikula uani akiwa amechuchumaa. Nikavuta benchi kwenye meza ya katikati, nikakaa. Wanaume wakanigeukia. Nikala. Nilikuwa nalia na sikujifuta. Nilikula mpaka bakuli likawa tupu, kisha nikamwita mama anitilie lingine, na nikamwambia alete na lake.